Probox ya jirani, Noah ya yadi au kuagiza Japani? Jibu kwa mpishi wa Muyeye

Swali: "Mimi ni mpishi wa harusi, naishi Muyeye hapa Malindi. Kila nikipata kazi Gede, Mambrui au Gongoni hukodi gari la watu, na faida yote huishia kwenye usafiri. Nina akiba ya shilingi 900,000 na sacco yetu iko tayari kunikopesha 300,000 zaidi. Jirani anauza Toyota Probox yenye namba ya KDA kwa 780,000. Ni safi, rangi inang'aa, lakini logibuku, yaani cheti cha usajili, bado ina jina la mtu wa Nairobi aliyemuuzia. Mume wangu anataka twende yadi ya magari Mombasa tukachukue Noah ya 1,400,000: tutangulize nusu, nusu tulipe kidogo kidogo kwa miaka miwili. Shemeji yeye asema tuagize wenyewe Japani. Mara moja moja hupata kazi za Lamu pia. Nifuate la nani?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na la shemeji maana ndilo jepesi kulimaliza. Kuagiza si kubaya, na mwenye pesa ya kutosha hupata gari ambalo halijaonja barabara zetu. Lakini pesa yako haifiki. KRA, mamlaka ya kodi, haihesabu kodi kwa bei uliyonunulia gari kule mnadani. Ina orodha yake ya bei za magari ya aina hiyo yakiwa mapya humu nchini, kisha hupunguza kulingana na umri, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Kwa viwango vya 2025, gari lisilozidi cc 1500 lilitozwa ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 20, VAT asilimia 16, na ada mbili za uagizaji na reli zinazofika asilimia 4.5. Tena kodi hizo hupandana. Tuseme gari limepewa thamani ya forodha ya 800,000. Forodha ni 280,000. Ushuru wa bidhaa unatozwa kwenye 1,080,000, nao ni 216,000. VAT inatozwa kwenye 1,296,000, nayo ni 207,360. Ada mbili za mwisho ni 36,000. Jumla 739,360, na hapo hujamlipa wakala wa forodha, bandari wala usajili. Juu ya hayo, Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kile kikuukuu cha bei nafuu ambacho shemeji amekiona kwenye simu huenda hakiruhusiwi hata kushuka Kilindini.

La mume wako lina sababu yake, na sitaki uende nyumbani ukamwambie kwamba nimemkataa. Noah ni gari la familia: mlango wa kusukuma, viti vya watu saba au wanane, watoto wanalala safari nzima. Ila biashara yako ni masufuria, majiko, meza za kukunja na magunia ya mchele, na injini ya Noah ni ya cc 2000. Utaihisi kila ukisimama kituo cha mafuta. Na kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko gari lenyewe ni ile nusu ya pili.

Muulizeni mwenye yadi swali moja: riba inahesabiwa kwa deni lote la mwanzo au kwa deni lililobaki? Ukiambiwa asilimia 3 kwa mwezi, masikioni ni ndogo. Lakini asilimia 3 ya 700,000 ni 21,000, na ukiilipa miezi 24 bila kupungua ni 504,000. Noah ya 1,400,000 imekuwa ya 1,904,000. Sacco ikikukopesha 300,000 kwa asilimia 1 ya deni lililobaki, na ukarudisha fungu sawa la deni kila mwezi kwa miezi 24, riba yote ni 37,500. Tofauti hiyo ni gharama ya kupikia harusi ngapi, wewe ndiwe ujuaye. Aidha yadi itataka jina lake likae kwenye logibuku pamoja na lako, bima kubwa, na kifaa cha kulifuatilia gari kilichofichwa ndani. Mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Wao hawajui Ramadhani wala msimu wa mvua, wanajua tarehe tano.

Kama riba yenyewe ndiyo inayokukera kwa sababu za dini, benki za Kiislamu zina murabaha: benki inalinunua gari, kisha inakuuzia kwa bei iliyokwisha kutajwa pamoja na faida yake. Bei haipandi baadaye. Lakini usidhani kuwa ni nafuu kwa kuwa ni halali. Piga jumla ya malipo yote uilinganishe na ya sacco.

Sasa Probox ya jirani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo moyo wako ulipo, nami nadhani moyo wako umekwenda panapofaa. Kwa kazi yako sioni gari bora zaidi ya Probox kwa pesa hizo. Viti vya nyuma ukivikunja unapata sakafu iliyonyooka, vipuri vyake vipo hapa Malindi bila kuagiza, na fundi yeyote wa hapa amekwisha kuifungua injini yake. Siku ukitaka kuiuza haitakaa nje ya nyumba yako wiki mbili. Lakini Probox kuwa gari zuri hakufanyi Probox hii kuwa nzuri, na kuna mambo mawili ya kuchunguza kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba: karatasi na chumvi.

Karatasi kwanza. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyeandikwa kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na inakataza gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya hajasajiliwa. Jirani yako hajasajiliwa. Maana yake ni kwamba anakuuzia kitu ambacho kwa macho ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, ni cha mtu wa Nairobi. Simwiti mwizi, magari mengi yanayouzwa mitaani hapa yako hivyo, watu wanakwepa ada na usumbufu. Lakini uhamisho siku hizi hufanyika mtandaoni, na anayeuanzisha ni yule aliyeandikwa, kwa akaunti yake mwenyewe ya eCitizen. Wewe unaukubali upande wako. Jirani hana kitufe cha kubonyeza. Kwa hiyo bwana wa Nairobi lazima apatikane, awe hai, na awe tayari.

Nimesema awe hai kwa makusudi. Akiwa amefariki, gari hilo ni mirathi. Warithi watahitaji kwenda mahakamani kwanza, na kama ni Waislamu huenda ikawa kwa Kadhi, ndipo mmoja wao apate mamlaka ya kuuza. Hadithi ya "nitakutafutia mwanawe atie sahihi" usiikubali.

Fanya upekuzi wa gari kwenye mfumo wa NTSA kwa kutumia nambari yake. Gharama yake ni ndogo, huifikirii mara mbili. Utapata jina la mwenye gari, nambari ya chasi, nambari ya injini, mwaka wa kutengenezwa, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeshikilia. Kisha angalia pia daftari la dhamana za mali inayohamishika, lililoanzishwa kwa sheria ya 2017, kwa sababu mtu anaweza kuweka gari rehani kwa mkopo ambao wewe ukiangalia logibuku peke yake huuoni. Baada ya hapo chukua tochi uende kwenye gari, usome nambari ya chasi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imekwaruzwa, imepakwa rangi nzito au tarakimu moja imekaa upande, rudi nyumbani.

Na hilo jambo la KDA. Watu wetu husoma namba ya gari kama ndio umri wake: "hii ni namba ya D, bado mpya." Namba inakuambia lini gari lilisajiliwa Kenya, basi. Gari la mwaka 2013 lingeweza kuingia 2020 likapewa KDA, likasimama kando ya jingine la KDA lililotengenezwa miaka minne baadaye, na dalali akataka bei moja kwa yote mawili. Kwa Probox mwaka una maana kubwa, maana umbo jipya lililotoka 2014 lina gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, na lile la zamani lina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Ya kawaida huvumilia mateso. CVT ni laini na inabana mafuta vizuri, ila isipobadilishiwa oili yake maalumu, au ikitiwa oili yoyote iliyokuwepo dukani, inakufa, na kuibadilisha kunaumiza mfuko. Muulize jirani oili ya gia ilibadilishwa lini na ilikuwa aina gani. Akikuambia "hii haibadilishwi," umepata jibu.

Tuje kwenye chumvi. Fundi wa Nairobi akikagua gari huanza na injini. Mimi gari la pwani huanzia chini, kwa sababu injini hutengenezeka na sakafu iliyooza haitengenezeki ikarudi kama ilivyokuwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa ni mvunguni hasa: tandika mkeka, ingia.

Gari linalolala Malindi hupata upepo wa bahari kila usiku. Lililokuwa likifanya kazi mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni limepata zaidi. Lakini yanayoniogopesha kabisa ni yale yaliyobeba samaki. Probox ni gari linalopendwa na wachuuzi wa samaki: masanduku ya barafu nyuma kutoka Ngomeni, barafu inayeyuka njiani, maji ya chumvi yanapenya chini ya zulia, yanakaa kwenye mikunjo ya bati ambapo hayakauki. Ukiliosha na kulipuliza manukato, kwa nje ni bibi harusi. Inua zulia la nyuma lote, toa kifuniko cha tairi la akiba, utie kidole kwenye kona za shimo lile. Kutu ya juu juu, ya rangi ya machungwa, inayofutika kwa kucha, isikutishe. Ile inayovimba kama mkate na kumeguka matabaka ndiyo mbaya. Gonga bati kwa mpini wa bisibisi ukienda polepole: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Angalia pia skrubu za viti vya nyuma. Zikiwa zimeliwa vichwa, gari hilo limekunywa maji, iwe ya samaki au ya mafuriko. Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho wake; tope la mto Tana au Sabaki hubaki kwenye sehemu ya mkanda isiyotoka nje kila siku.

Ukiingia chini, angalia mahali shokamzoba za nyuma zinaposhikilia, mabomba ya breki yanayopita pembeni, na kingo za chini ya milango. Na ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi inayonata, usiseme "mashallah, wamelitunza." Uliza kwa nini limepakwa wiki ya kuuzwa.

Rangi inayong'aa uliyoitaja nayo sikuiamini nilipoisoma. Chukua sumaku ndogo ya friji, uifunge kwa kitambaa chepesi, uipitishe kwenye milango, mabawa na boneti. Panaposhika na kushika halafu ghafla pakaachia, chini yake kuna pati, yaani paligongwa pakajazwa. Bonge la pati kwenye bawa moja si kesi, ni nafasi ya kupunguziwa bei. Pati kwenye nguzo kati ya milango, au chuma cha mbele kinachoshika rejeta kikiwa kimekunjwa na kunyooshwa, ni gari lililopata ajali kubwa.

Injini nenda kaisikilize alfajiri, kabla mwenyewe hajaiwasha, na umwambie usiku uliotangulia asiiwashe. Weka kiganja kwenye boneti ukifika. Ikiwa na joto, ameshaipasha, na una haki ya kumuuliza anaficha nini. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, baridi kabisa, usijichome. Hapa kwetu watu hutia maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ukiona maji yamekuwa rangi ya chai, rejeta na njia za maji ndani ya injini zimeanza kulika. Kisha mtu mwingine awashe wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia pasipo mahali pake. Kwenye dashibodi, ufunguo ukiwa umewashwa na injini bado, taa ya injini lazima iwake, izimike injini ikishika. Isipowaka kabisa, usifurahi: kuna mtu ameizima ili usione ugonjwa.

Liendeshe nusu saa, si kuzunguka msikiti na kurudi. Toka nalo hadi Gede, ulifikishe kilomita 80 kwa saa, uache usukani kwa hatihati uone kama linavuta upande, halafu ulipitishe njia ya mawe ya mtaani kwenu ukiwa umefunga redio. Bushi na boljointi zilizokwisha husema zenyewe. Na usisahau matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini la zamani hupasukia barabara ya Garsen saa saba mchana, wala si dukani.

Kama wewe mwenyewe hujui haya, mpeleke fundi, lakini fundi wako. Asiwe rafiki wa jirani, asiwe aliyeletwa na dalali. Mlipe ujira wake hata kama gari hukulinunua, na mwambie hivyo kabla hajaanza. Fundi anayejua kuwa atapata kitu endapo biashara itafanyika ataona mazuri tu. Nimekagua magari miaka mingi mjini hapa na sijaona kipimo cha bei rahisi kama hicho.

Kuhusu bei, 780,000 ndiyo aliyotaja yeye. Wewe una 900,000, na kosa la wengi ni kuzimaliza zote siku ya kununua. Weka pembeni 120,000 usiziguse: ada ya uhamisho, bima, matairi mawili au manne, oili ya injini na ya gia, betri. Kila kasoro uliyoiona andika kwenye karatasi na bei ya kuitengeneza uliyoipata kwa fundi, kisha mwonyeshe jirani karatasi. Kubishana kwa maneno matupu na mtu mnayeonana kila siku kunaleta chuki. Karatasi haina uso. Kama kila kitu ni kizima na kasoro ni za kawaida, ningeanza na 690,000 na nisingevuka 740,000, hasa kwa kuwa anakuuzia pia ule usumbufu wa logibuku. Na mkopo wa sacco usiuchukue kabisa ikiwa hili litawezekana. Uache kama ulivyo.

Malipo yenyewe: mkataba ulioandikwa, mbele ya wakili, wenye majina, nambari za vitambulisho na PIN za KRA, nambari za chasi na injini, na tarehe pamoja na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu, maana gari likimgonga mtu saa nne asubuhi, lazima ijulikane lilikuwa la nani saa nne asubuhi. Bwana wa Nairobi awe ndani ya mkataba, jirani naye awe ndani. Pesa ipite benki. Toa sehemu ndogo kama arubuni kwa risiti, na kubwa baki nayo mpaka uone uhamisho umeanzishwa kwenye akaunti yako ukauthibitisha. Bima ya jirani haikufuati wewe. Siku utakayolishika gari uwe na yako.

Mpe jirani wiki mbili za kumpata mtu wake wa Nairobi. Zikipita bila jibu, tafuta Probox nyingine kwa pesa ile ile, na hata yenye namba ya C, mradi aliyeandikwa kwenye logibuku ndiye aliyekaa mbele yako. Probox ya namba ya zamani yenye sakafu nzima na karatasi safi nitaichukua mbele ya KDA ya mashaka siku yoyote.

La Lamu ni dogo. Lami imefika, kutoka hapa unapita Garsen na Witu hadi Mokowe, lakini gari huliacha bara; vyakula na masufuria vinavuka kwa boti, na mjini Lamu vinabebwa na punda na mikokoteni. Kwa hiyo usinunue gari kubwa kwa ajili ya Lamu, kwani haliendi mpaka jikoni. Msimu wa mvua kubwa uliza kwanza hali ya barabara upande wa Tana kabla hujachukua arubuni ya harusi ya watu. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata. Na ukirudi kutoka Mokowe, ambako litakuwa limelala kando ya maji ya bahari, lioshe chini kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo.

Mwisho, ukienda kwa watu wa bima, usiandike "matumizi binafsi" ili upate bei ya chini. Waambie ni gari la kubebea vyombo vyako vya biashara. Kuna daraja lake, na likitokea la kutokea njiani na masufuria yamejaa nyuma, hicho ndicho kitu cha kwanza watakachokiangalia.